Kudhibiti Joto Kwenye Kabati la Moshi la Umeme: Mwongozo Kamili wa Kufukiza Samaki

Namba unayoiona kwenye mlango wa kabati la moshi haikuambii kama samaki ameiva. Inakuambia joto la hewa iliyo jirani na sensa, na mara nyingi sensa hiyo imefungwa kwenye ukuta wa nyuma, mbali na chanja. Samaki mnene aliyetoka kwenye friji anaweza kukaa zaidi ya saa nzima akiwa nyuma ya hewa hiyo kwa nyuzi 30 au zaidi. Wengi wanaolalamika kwamba kabati lao "halishiki joto" wana kabati zima kabisa, ila wanaisimamia namba isiyo yenyewe. Joto la kusimamia ni la nyama ya samaki. Joto la kabati ni usukani wa kulifikisha huko.

Hapa nazungumzia ufukizaji wa moto, yaani samaki anaiva na kupata moshi kwa pamoja. Ufukizaji wa baridi, unaofanyika kwenye nyuzi 30 hivi au chini ya hapo, siushauri nyumbani, hasa kwetu ambako hewa ya nje peke yake hufika nyuzi 30 mchana: samaki anabaki mbichi, na bakteria wanabaki hai. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.

Namba za kuzishika kabla ya yote

Mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, unataka samaki wa kufukizwa kwa moto afike angalau nyuzi 63 katikati ya nyama na akae hapo dakika 30 mfululizo. Miongozo ya vyuo vikuu vya huko kwa watu wa nyumbani huongeza kidogo: nyuzi 66 kwa dakika 30. Mimi nafuata 66, kwa sababu vipimajoto vya dukani havina usahihi wa maabara na nyuzi tatu za ziada hazimharibu samaki.

Namba nyingine ni eneo la kati ya nyuzi 4 na 60, ambako bakteria huzaliana haraka. Samaki lazima apite hapo, hakuna njia nyingine. Kazi yako ni kuhakikisha hakai humo bila sababu. Hatua mbili za mwanzo ndani ya kabati, kukausha ngozi na kutia moshi, kwa pamoja zisizidi saa 2.

Umeme kwanza, samaki baadaye

Makabati mengi yanayoletwa na ndugu walio Marekani, au kununuliwa mitumba, yametengenezwa kwa volti 120. Kwetu umeme ni volti 230 hadi 240. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Inabadilisha umbo la pini tu. Ukichomeka kabati la volti 120 moja kwa moja, volti zimekuwa maradufu, na kwa koili ile ile nguvu inapanda mara nne: koili ya wati 800 inajaribu kutoa wati 3200. Itaungua, au itaunguza kilicho karibu. Unahitaji transfoma ya kushusha volti, na iwe kubwa kuliko mzigo: kwa kabati la wati 800 tafuta ya wati 1500, maana transfoma nyingi za bei rahisi zinaandikwa nguvu zisizoweza kuzibeba kwa saa nne mfululizo. Nyumba ya transfoma ikiwa moto kiasi kwamba mkono hautulii juu yake, imezidiwa.

Hata kabati la volti 240 lina adui: umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya koili hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, koili inabaki na kama asilimia 69 ya nguvu yake. Zikifika 180, asilimia 56. Hapo unageuza kitasa cha themostati mpaka mwisho, unaona hewa imegota kwenye nyuzi 80, unadhani themostati imekufa. Kabla ya kuita fundi, pima volti kwenye soketi wakati kabati linafanya kazi. Kama mtaa wenu hupungukiwa umeme kuanzia saa 1 usiku, anza kufukiza saa 3 asubuhi. Ni dawa isiyo na gharama.

Waya wa ekstensheni uwe mnene, wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, mfupi, na uufungue wote; waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hujipasha joto wenyewe. Plagi iwe ya pini tatu na nyumba iwe na ethi inayofanya kazi, kwa sababu utakuwa unashika sanduku la chuma lenye mvuke, chumvi na umeme ndani yake. Kabati likae nje, chini ya paa, mbali na mvua. Usilitumie ndani ya chumba: vibanzi vya mbao vinavyoungua polepole hutoa hewa ya kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu ya kukuonya.

Kuhusu luku: koili ya wati 800 ikiwaka bila kuzima kwa saa 5 inakula uniti 4. Kwa kuwa inawaka na kuzima, mara nyingi utatumia chini ya hapo.

Vipimajoto viwili, na vyote vijaribiwe

Kimoja ni cha hewa, kining'inie usawa wa chanja ya samaki, sentimeta 5 hivi kutoka kwa samaki wa jirani, kisiguse chuma wala ukuta. Cha pili ni cha kuchoma, chenye sindano na waya unaotoka nje, ili usome bila kufungua mlango. Sindano ichome kipande kinene kuliko vyote, ifike katikati ya unene, isiguse mfupa. Kwa samaki mzima, ipitishe nyuma ya kichwa kuelekea kando ya uti wa mgongo. Kipande kinene ndicho kinachoamua. Vipande vyembamba vitakuwa vimeiva kabla yake.

Kujaribu usahihi: jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo tu, koroga, subiri dakika 3. Kipimajoto kizuri kinasoma 0. Kisha maji yanayochemka, ila hapa kuna mtego wa mwinuko. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na 96. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 94. Kwa hiyo kipimajoto kinachosoma 100 ndani ya sufuria inayochemka Nairobi hakiko sawa, kinazidisha kwa nyuzi 5 au 6. Ukikiamini, kitakuambia samaki amefika 66 wakati yuko 60, na utamtoa mapema kila siku bila kujua. Andika tofauti hiyo kwenye karatasi, ibandike kwenye kabati, uitoe katika kila usomaji.

Lijue kabati lako likiwa tupu

Tenga nusu siku kwa jambo hili kabla hujanunua samaki. Washa kabati tupu, lenga nyuzi 60, tundu la juu likiwa wazi nusu, na andika joto la hewa kila baada ya dakika 5. Utaona linapanda, linapita 60, koili inazima, na joto linaendelea kupanda kwa sababu koili na kuta bado ni moto. Kisha linashuka chini ya 60 kabla koili haijawaka tena. Tofauti kati ya kilele na bonde ndiyo tabia ya kabati lako. Kwenye themostati ya kawaida yenye mrija wa shaba, mruko wa nyuzi 10 hadi 15 si ajabu. Usilipigie kelele; shika wastani wake. Kama kilele ni 68 na bonde ni 54, kabati lako likiwekwa 60 linapika kwenye 61, na samaki, ambaye hupata joto polepole, hausikii mruko ule hata kidogo.

Rudia kwa nyuzi 80 na 100. Halafu hamisha kipimajoto: chanja ya juu, ya chini, nyuma, karibu na mlango. Makabati mengi yana koili chini, na watu hudhani chanja ya chini ndiyo yenye moto kuliko zote. Pengine ndivyo, pengine hewa ya moto imejikusanya juu na juu ndiko kuna moto. Huwezi kujua mpaka upime. Ukishajua, samaki wanene wakae penye moto, wembamba penye baridi, na kila unapobadili hatua ya joto ubadilishane chanja.

Jambo jingine la kuangalia ni mlango. Mpira wake ukiwa umekauka, joto linavuja upande mmoja na samaki wa upande huo hawaivi. Pitisha karatasi kati ya mlango na fremu. Ikitoka bila kukwaruza, hapo pana nafasi.

Themostati, au kidhibiti cha PID?

Themostati ya kitasa inajua mambo mawili, washa na zima. Kidhibiti cha PID kinaangalia umbali uliobaki kufikia lengo, muda ambao hewa imekuwa chini ya lengo, na kasi ya kupanda, kisha kinapunguza nguvu ya koili mapema. Matokeo ni hewa inayokaa ndani ya nyuzi 1 au 2 za lengo. Je, unakihitaji? Kwa samaki wa nyumbani, hapana. Kwa anayeuza na anataka kila mzigo ufanane na wa jana, ndiyo, na si ghali ukilinganisha na kilo za samaki zinazoharibika.

Ukifunga PID, mambo matatu. Fanya ujisawazisho wake wa kiotomatiki kwenye nyuzi 70 kukiwa na bakuli la maji ndani, si kabati tupu, kwa sababu kabati lenye mzigo lina tabia tofauti. Relei ya kielektroniki inayowasha koili ifungwe kwenye kipande cha alumini cha kupozea, nje ya kabati. Na usiiondoe fyuzi ya joto iliyokuja na kabati: relei za aina hiyo zikifa, kwa kawaida hufa zikiwa zimewasha, na bila fyuzi koili itapanda mpaka mafuta ya samaki yashike moto. Kazi hii ni ya fundi umeme, si ya kujifunzia kwa video.

Samaki na chumvi

Samaki wenye mafuta hufukizika vizuri kuliko wengine. Pwani tuna jodari, kibua na nguru. Kanda ya Ziwa sangara ndiye mwenyewe. Mafuta yake ndiyo yaliyofanya asikauke vizuri juani kama dagaa, akaingia kwenye moshi. Sato naye anafukizika, ila ni mkavu na anasamehe kidogo, kwa hiyo joto la juu lisikae muda mrefu.

Jodari na kibua wana onyo lao. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa hutengeneza histamini, ile inayowasha mdomo na kuleta uwekundu na kichwa kuuma, na histamini haifi kwa moto wala moshi. Samaki aliyelala kwenye ndoo juani tangu alfajiri hata umfukize kwa ustadi gani bado ni sumu. Nunua waliokaa kwenye barafu.

Kata minofu iwe na unene unaolingana, sentimeta 2.5 ni nzuri. Maji ya chumvi: kikombe 1 cha chumvi kwa vikombe 7 vya maji baridi, loweka saa 1 ndani ya friji, suuza haraka. Chumvi inasaidia usalama na pia inafanya nyama ishike maji yake wakati joto linapanda. Kisha panga kwenye chanja, ndani ya friji ikiwezekana, bila kufunika, mpaka uso uwe mkavu wa kung'aa, unaonata kidogo kwenye kidole lakini haulowanishi. Utando huo ndio moshi unaoushika. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, kuacha samaki mezani ili apate utando ni kujidanganya. Friji inakausha vizuri zaidi kwa sababu hewa yake ni kavu.

Joto hatua kwa hatua

Mfano wetu ni kilo 4 za minofu ya sangara yenye unene wa sentimeta 2.5 ndani ya kabati la wati 800. Kabla ya ratiba, hesabu kidogo inayoeleza mengi. Kupasha kilo 4 za samaki kutoka nyuzi 5 hadi 66 kunahitaji takribani robo ya uniti ya umeme. Lakini samaki hao watapoteza labda gramu 600 za maji, na kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunakula kama uniti 0.4. Yaani koili inafanya kazi kubwa zaidi kukausha kuliko kupasha. Ndiyo maana mwanzoni joto linapanda kwa kusuasua hata ukiongeza kitasa, na ndiyo maana tundu la juu ni kidhibiti cha joto sawasawa na themostati.

*Hatua ya kwanza: kukausha.* Pasha kabati tupu hadi nyuzi 45, ingiza samaki, joto litashuka, liache lirudi nyuzi 40 na likae hapo dakika 30. Tundu la juu wazi kabisa, bakuli la maji likiwa halina kitu, hakuna moshi. Moshi ukikutana na samaki mwenye maji unaacha madoa na ladha ya uchachu. Kama utando ulikamilika friji, fupisha iwe dakika 15.

*Hatua ya pili: moshi.* Panda hadi nyuzi 55 au 60, tundu wazi nusu, moshi uanze. Saa 1 hadi saa 1 na nusu. Hapa ndipo rangi na ladha hutengenezwa. Sindano itasoma pengine nyuzi 35 hadi 45, na hilo si kosa. Uso wa samaki bado unapoteza maji na maji yanayoondoka yanampoza.

*Hatua ya tatu: kupandisha.* Nyuzi 80 kwa dakika 30. Usiruke hatua hii. Protini za samaki huanza kuganda mapema, kwenye nyuzi 40 na kitu, na ukitoka 55 kwenda 110 kwa mkupuo misuli ya nje inajikaza ghafla na kukamua utomvu mweupe unaoganda juu ya mnofu kama povu la maziwa. Haudhuru afya, lakini unatoka na maji ya samaki, na mteja anaukataa. Ukiuona unaanza kutoka, shusha nyuzi 10 kwa robo saa.

*Hatua ya nne: kuivisha.* Nyuzi 95 hadi 105, tundu robo wazi, na sasa mimina maji ya moto kwenye bakuli. Inashangaza wengi kwamba unyevu unaharakisha kuiva: hewa yenye mvuke hairuhusu uso kupoza kwa kukauka, kwa hiyo joto linaingia ndani. Subiri sindano isome 66. Kwa minofu ya unene huu tegemea dakika 40 hadi saa 1. Samaki mzima wa kilo moja anaweza kutaka mara mbili ya hapo. Saa haiamui, sindano ndiyo inayoamua.

*Hatua ya tano: kushikilia.* Sindano ikifika 66, anza kuhesabu dakika 30, na hapo hapo shusha hewa hadi nyuzi 75 au 80. Ukiacha 105, nyama itakimbia hadi 85 na utatoa samaki mkavu. Ukishusha hadi 66 kamili, nyama itashuka chini ya 66, maana samaki daima yuko chini ya hewa kwa nyuzi kadhaa. Hewa iwe juu ya lengo la nyama kwa nyuzi 10 hadi 15. Sindano ikitoboa chini ya 66 katikati ya hesabu, hesabu inaanza upya.

Yapo makabati madogo ya umeme yasiyo na themostati kabisa, koili ya wati mia mbili na kitu ndani ya sanduku la bati, ambayo kwenye siku ya upepo hayamfikishi samaki 66. Hayo tumia kwa hatua mbili za kwanza, kisha malizia kwenye oveni ya kawaida ya nyuzi 100, sindano ikiwa bado imechomwa. Huo si udanganyifu; ladha ya moshi tayari imeingia.

Moshi usiovuruga joto

Tatizo kubwa la makabati ya umeme ni hili: trei ya vibanzi imekaa juu ya koili ile ile inayopasha hewa. Kwenye nyuzi 55 koili inawaka dakika chache na kuzima, vibanzi vinapoa, moshi unakata. Ukiongeza joto ili moshi urudi, umempika samaki kabla hajapata ladha. Kampuni ya Bradley ya Kanada ililitatua kwa kuweka koili mbili, ya kupasha ya wati 500 na ndogo ya wati 125 kwa ajili ya vibanzi peke yake. Kama lako lina koili moja, tenganisha vyanzo mwenyewe. Njia rahisi ni mrija wa wavu wa chuma uliojazwa unga mkavu wa mbao, uwashwe upande mmoja kwa moto wa gesi dakika chache, uzimwe mwali, na uachwe uungue polepole chini ya kabati. Unatoa moshi kwa saa kadhaa na joto lake ni dogo.

Kulowesha vibanzi hakusaidii kama watu wanavyosema. Maji lazima yakauke kwanza ndipo moshi utoke, kwa hiyo umechelewesha na kuongeza mvuke. Tumia vikavu, kidogo kidogo. Moshi mzuri ni mwembamba, wa rangi ya samawati, unaouona kwa shida. Moshi mzito mweupe kama wa kufukuza mbu ni vibanzi vingi kwa hewa kidogo, na huacha uchungu. Fungua tundu.

Mti: mpera, mchungwa na mgunga ni mizuri, na pwani makumbi ya nazi makavu hutoa moshi taratibu. Epuka msonobari na miti yenye utomvu wa kunata, na usiguse mabaki ya karakana yenye rangi, gundi au dawa. Mikoko iache baharini.

Kwa anayelenga soko la nje, kuna sababu nyingine ya kutenganisha moshi na joto. Vibanzi vikishika mwali, au mafuta yakidondokea koili, hutokea kemikali za jamii ya benzopairini zinazohusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya tangu 2014 unakubali mikrogramu 2 tu kwa kilo ya nyama ya samaki wa moshi. Sinia ya kukinga mafuta iwe daima mahali pake, na isiwe imejaa.

Mambo yakienda kombo

Hewa haipandi kupita 80: pima volti, angalia tundu, kisha hesabu samaki. Kabati lililojazwa mpaka chanja zinagusana halipitishi hewa. Punguza theluthi moja. Hewa inapanda bila kuzima: chomoa plagi kabla ya kufikiri lolote, themostati imegandia. Sindano imeganda kwenye 55 kwa nusu saa na zaidi: ni maji yanayotoka, ongeza unyevu kwenye bakuli au panda nyuzi 10, wala usifungue mlango kuchungulia, kwa sababu kila unapoufungua unapoteza dakika 10 au 15 za kupasha upya. Upande mmoja mweusi, mwingine mweupe: geuza chanja.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Tazama sindano. Kama nyama ilikuwa imevuka 60, una muda. Kuta zitaishikilia kwa dakika kadhaa, nawe washa jiko la mkaa au oveni ya gesi umalizie huko mpaka dakika 30 zitimie. Kama bado iko 40 na hujui umeme utarudi lini, usisubiri. Wahamishe samaki mara moja kwenye moto mwingine na uwaivishe kabisa, wawe kitoweo cha leo hata kama moshi haukutosha. Samaki aliyekaa saa 3 akiwa vuguvugu gizani asirudishwe kwenye kabati umeme ukirudi. Atupwe.

Kupoza na kuhifadhi

Toa samaki, waache kwenye chanja penye hewa, wakingwe na nzi, mpaka mvuke uishe. Ukiwafunga wakiwa moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko na ukungu unaanza. Wakishapoa waingie friji haraka, chini ya nyuzi 3 kama friji yako inaweza, na waliwe ndani ya wiki moja. Wa kukaa zaidi wagandishwe.

Moshi wa aina hii hauhifadhi samaki nje ya friji. Yule wa sokoni anayekaa wiki kadhaa kwenye tenga amekaushwa mpaka akawa mgumu kama kuni. Wako ni laini, ana maji, na ni chakula cha friji. Hatari ya kuogopwa ni botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria, na inapenda mifuko isiyo na hewa. Mwaka 1963 samaki wa moshi kutoka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, waliofungwa kwenye mifuko ya kunyonya hewa na kukosa ubaridi wa kutosha, waliua watu Marekani. Bakteria wa aina ile wanaweza kukua kwenye nyuzi 3.3 tu, bila kubadilisha harufu ya samaki. Kwa hiyo kwenye friji tumia karatasi au chombo kinachopitisha hewa, na mfuko wa kunyonya hewa uwe wa friza peke yake. Ukiwatoa friza, fungua mfuko kwanza, kisha waache wayeyukie ndani ya friji, si juu ya meza.